Kuchagua mashine ya boti Lamu: namna ya kupima uimara wa Yamaha, Suzuki, Mercury, Tohatsu na Honda kabla ya kutoa pesa

Katika boti ndogo, hakuna kitu ghali kuliko mashine iliyofungwa tezini, yaani nyuma ya boti. Faiba ikitoboka huzibwa, ubao ukioza mafundi wa Matondoni hutia mwingine, lakini mashine ikifa baina ya Amu, yaani Lamu mjini, na Kizingitini biashara imesimama na watu wamo majini. Huniuma kumwona mtu aliyekusanya pesa za kuvua kamba na za chama kwa miaka, kisha akaenda dukani Mombasa na kuchagua kwa rangi ya kofia na namba ya nguvu za farasi iliyobandikwa ubavuni. Haya ninayoyaandika ni ya yule ambaye pesa zake bado ziko mfukoni.

Msimamo wangu nautoa mapema. Yamaha, Suzuki, Tohatsu na Honda za Japani, pamoja na Mercury ya Marekani, wote wanajua kuunda injini. Kinachomtofautishia mtu wa Lamu ni chumvi inapoingilia, mchanga unakula nini, na spea inachukua muda gani kufika kisiwani. Hayo yanapimika, na mtu asiye fundi anaweza kuyapima mwenyewe.

Hatua ya kwanza: iandike kazi ya boti yako

Chukua karatasi. Andika urefu wa boti, idadi ya watu na uzito wa mzigo inaobeba, inakwenda wapi, na inafanya kazi saa ngapi kwa siku. Boti ya kuvusha watu Shela na Amu inawashwa na kuzimwa kutwa, safari fupi fupi, moto mdogo, yaani injini haizungushwi kwa nguvu. Boti ya wavuvi wa kamba mawe wa Kizingitini inatoka nje ya mwamba kwa moto mkubwa, halafu inatia nanga huku wapiga mbizi wako chini, na jioni inarudi na mzigo dhidi ya upepo. Boti inayopeleka wageni Kiwayu inataka utulivu na isiwe na moshi. Ukimuuliza kila mmoja wa manahodha hao mashine ipi ni imara, watakupa majibu matatu, na wote watakuwa wamesema kweli.

Kisha pima tezi. Mashine huuzwa kwa urefu wa mguu: mfupi ni wa tezi ya inchi 15, mrefu inchi 20, na mrefu zaidi inchi 25. Shusha futi kutoka juu ya ubao wa tezi, pale mashine inapobana, hadi chini ya boti. Lile bamba bapa lililo juu ya propela linatakiwa likae karibu usawa wa chini ya boti. Mguu ukiwa mfupi kuliko tezi, propela itameza hewa kwenye mawimbi ya kusi na injini italia bila kusukuma. Ukizidi urefu, utaburura maji na kugonga kila fungu. Nimeona mashine nzuri kabisa zikisingiziwa ubovu kwa sababu hii tu.

Hatua ya pili: amua tustroki au fostroki kabla ya kuchagua kampuni

Uamuzi huu una uzito kuliko jina. Tustroki ni ile ya petroli iliyochanganywa na oili; fostroki inatumia petroli tupu, na oili yake inakaa peke yake ndani ya injini. Yamaha Enduro ya farasi 40, ambayo kila mtoto wa Faza anaitambua kwa mlio, ni tustroki ya silinda mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 703, kabureta, unavuta kamba inawaka. Uzito wake ni kilo sabini na kitu. Watu wawili wanaibeba kutoka botini hadi nyumbani, na Lamu hilo ni jambo kubwa, maana mashine iliyoachwa jetini usiku haina uhakika wa kukucha. Fostroki ya farasi 40, iwe ya Yamaha, Suzuki au Honda, inakaribia kilo 100 au kuzidi. Boti nyembamba iliyoundwa kwa mashine nyepesi itakalia tezi na omo itaelea juu.

Kwa upande wa pili, tustroki ya kabureta inakunywa. Sehemu ya petroli na oili inatoka na moshi bila kuungua na kuishia majini, kwenye hiyohiyo mikoko ambamo kamba wadogo na kaa wanakulia. Fostroki inatumia mafuta kidogo sana, hasa kwenye moto mdogo na wa kati, na sauti yake inamwezesha nahodha kuzungumza na abiria bila kupiga kelele. Lakini ina oili ya injini ya kubadilisha, vali za kurekebisha, na nyingi za kisasa zina sindano za mafuta zinazoendeshwa na kompyuta. Fundi asiye na kifaa cha kuisoma kompyuta hiyo atakisia, na kukisia kwake utakulipia wewe.

Marekani na Ulaya, sheria za moshi zimeziondoa tustroki za kabureta madukani. Ndiyo maana video nyingi za kulinganisha makampuni unazozikuta kwenye simu hazizitaji kabisa, na waandishi wake wanasifu mashine za farasi 200 na 300 ambazo hapa utaziona kwenye boti chache za mahoteli. Uamuzi wa mtu wa ziwani huko Wisconsin hausaidii kitu hapa, hana chumvi wala mwamba.

Rai yangu ni hii. Ukiishi Ndau, Kiwayu au Kiunga, mbali na fundi na mbali na betri ya kubadilisha, chukua tustroki ya kuvuta kwa kamba, ubebe gharama ya mafuta. Ukifanya safari za Shela, Manda na Mokowe kutwa nzima, na Amu mjini kuna fundi unayemwamini, fostroki itakurudishia pesa kwa petroli unayookoa. Kwa majahazi na mashua kubwa zenye dizeli ndani, hayo ni mazungumzo mengine.

Hatua ya tatu: jua kila kampuni ina nini

Yamaha ilianza kuuza mashine za boti mwaka 1960. Nguvu yake kwetu ni Enduro, iliyoundwa kwa kazi ya wavuvi na wachukuzi, na kwa sababu ziko nyingi, spea zake na watu wanaozijua wako wengi. Wingi huohuo ndio umeleta spea za bandia kwa jina lake.

Suzuki ilifuata mwaka 1965. Ina tustroki za DT na fostroki za DF. Fostroki zake nyingi kubwa zinaendesha vali kwa mnyororo unaolowa ndani ya oili, badala ya mkanda wa mpira unaotaka kukaguliwa na kubadilishwa kwa saa zilizopangwa. Kuna pia DF15A na DF20A, zenye sindano za mafuta lakini hazihitaji betri: unavuta kamba na umeme wa kuwashia unatoka kwenye mzunguko wenyewe. Kwa boti ndogo ya kuvukia hiyo ni sifa ya kweli.

Mercury iliasisiwa na Carl Kiekhaefer huko Wisconsin mwaka 1939. Tohatsu ni kampuni ya Japani iliyotoa mashine yake ya kwanza 1956. Hawa wawili wana ubia wa miaka mingi, na mashine nyingi ndogo zenye jina la Mercury zimeundwa na Tohatsu. Kwa hivyo ukiwa na Mercury ndogo na spea imekosekana, muulize fundi kama ya Tohatsu inaingia. Mara nyingi inaingia, na bei si ileile.

Honda imeuza fostroki peke yake tangu mashine yake ya kwanza mwaka 1964. Injini zake zinatulia na kudumu. Kwa boti zetu nyepesi, tatizo ni uzito.

Na sasa onyo. Kuna Evinrude za mtumba zinazoingia kwa bei ya kuvutia. Ole Evinrude, aliyeanza kuuza mashine zake 1909, ni miongoni mwa waliolianzisha jambo hili lote. Lakini kampuni ya Kanada iliyokuwa ikimiliki jina hilo, BRP, ile inayounda pia vyombo vya Ski-Doo vya kwenda juu ya theluji, ilitangaza Mei 2020 kwamba inaacha kuziunda. Mashine nzuri isiyoundwa tena haifai kuwa riziki ya mtu aliyeko kisiwani.

Hatua ya nne: zunguka majetini

Kabla ya kumwona muuzaji, waone waliokwisha kununua. Kaa jeti ya Mokowe asubuhi, halafu Amu mjini, na ukipata safari fika Mtangawanda, Faza na Kizingitini. Tazama ni mashine zipi ziko kwenye boti zinazofanya kazi kila siku, hasa zilizochakaa rangi lakini bado zinakwenda. Hizo zina ushahidi kuliko mpya.

Usimuulize nahodha "ni nzuri?" Kila mtu husifu alicholipia. Muulize: "Ami, mara ya mwisho ilikuzimikia wapi, na ilikuwa nini?" Muulize spea aliipata wapi, ilikaa siku ngapi kufika, na siku hizo alifanyaje bila mashine. Swali la namna hiyo halijibiki kwa sifa.

Kisha mwendee fundi, tena wakati amefungua mashine, si wakati amekaa barazani. Fundi mmoja wa mjini Amu alinionyesha jambo ambalo sijaona karatasi yoyote ya dukani ikilitaja. Alikuwa amelaza mguu wa mashine juu ya gunia, akafungua bolti ya chini ya giaboksi, na oili ikatoka nyeupe, kama chai ya maziwa iliyopoa. Hakusema kitu. Akavua propela, akaingiza bisibisi nyuma yake, na kuvuta polepole nyuzi za mshipi wa nailoni uliojizungusha kwenye shafti mpaka ukaikata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji yasiingie. Maji ya chumvi yalikuwa yakiingia hapo kwa wiki kadhaa. "Mwanangu," akaniambia, "mashine hii haina makosa. Ila tizama hii pete," akanigusisha kidole kwenye pete ya chuma iliyo nyuma ya propela, "kuna mashine zina pete pana inayoificha sili, na kuna zilizoiacha wazi. Ukinunua, tizama hapa." Tangu hapo, kila nikiombwa kukagua mashine, propela huvuliwa kwanza.

Muulize fundi na hili: ni mashine zipi ambazo bolti zake hukatika anapozifungua baada ya mwaka wa pili? Bolti ya chuma kisichoshika kutu ikikaa ndani ya alumini majini bila grisi, alumini inalika na kuwa unga mweupe unaoishika bolti. Fundi anajua kwa mkono wake ni kampuni gani inapaka grisi kiwandani na ni ipi inafunga bolti kavu.

Hatua ya tano: ikague kwa mikono yako

Sasa nenda dukani. Mwambie muuzaji avue kofia, na usione haya kupiga magoti.

Anza na kofia yenyewe. Pitisha kidole kwenye mpira unaozunguka ukingo wake. Uwe mzima, laini, usio na mwanya kwenye maungio. Hapo ndipo rasharasha ya wimbi inapoingilia. Komeo lake liwe la chuma au plastiki nzito, maana likikatika utafunga kofia kwa kamba na mpira hautakuwa na kazi tena.

Angalia waya. Kila kiungio kiwe na kofia ya mpira, na waya zibanwe zisichezecheze. Waya uliolegea unajisugua kwenye injini kwa mtikisiko, siku moja unakuwa uchi, na chumvi inamalizia kwa kutu ya kijani. Mashine nyingi zinazosemekana "zimekufa umeme" zilikufa hapo.

Hesabu vipande vya zinki, vile vinavyoliwa na chumvi ili mwili wa mashine usiliwe. Viko wapi? Je, vya ndani ya injini vinafikika kwa spana ya kawaida, au mpaka kitu kingine kitolewe kwanza? Makampuni yanashindana kwenye aloi: Yamaha wana aloi yao wanayoiita YDC-30, Mercury hujivunia aloi yenye shaba kidogo, kwa sababu shaba ndani ya alumini huharakisha kuliwa. Yote hayo ni kweli na ni mazuri, lakini aloi bora isiyo na zinki hai italiwa vilevile. Zinki ibadilishwe ikifika nusu, na isipakwe rangi hata siku moja. Ikipakwa rangi haifanyi kazi.

Muulize fundi wa duka akuonyeshe njia ya kuifikia impela ya pampu ya maji, lile gurudumu la mabawa linalosukuma maji ya kupoza injini. Hiki ni kipimo changu cha kwanza kwa bahari ya Lamu. Mkanda, baina ya Manda na bara, maji yakipwa wakati wa bamvua boti hupita ikikwaruza, na mashine hunyonya maji yenye mchanga na tope. Impela ni mpira, mchanga unaula. Mashine ambayo mguu wake unashuka kwa bolti chache na pampu ikaonekana, utaibadilisha mwenyewe kila mwaka. Mashine inayotaka nusu siku na vifaa maalumu, utaahirisha, na siku ya kuahirisha ndiyo siku ya kuiunguza injini.

Tazama midomo ya kunyonyea maji iko juu kiasi gani kutoka ncha ya chini, na kama ina wavu. Uliza kama mashine ina mkao wa maji mafupi, yaani unaweza kuinua mguu kiasi na bado ikasukuma. Inua na kushusha mara kadhaa, sikiliza kama inashika. Pima klampu za kubania tezi kwa kuzikaza na kuzilegeza: zikiwa nzito zikiwa mpya, baada ya msimu mmoja wa kusi hazitafunguka.

Propela iwe ya alumini kwa kazi zetu. Ya chuma kigumu ina mwendo mzuri zaidi, lakini ikigonga mwamba haipindi, na kishindo kinapanda mpaka kwenye gia. Ya alumini inapinda, unaitoa, unafunga ya akiba, unakwenda zako.

Hatua ya sita: fanya mtihani wa spea

Andika orodha hii: impela na kifuniko chake, sili za giaboksi, thamostati, plagi, gasketi na vifaa vya kabureta au chujio la mafuta la fostroki, propela, zinki zote, na kisanduku cha umeme wa kuwashia ambacho mafundi wanakiita CDI. Nenda nayo kwenye maduka mawili Mombasa, moja Malindi ukipita, na kwa muuza spea wa Amu. Kwa kila kimoja uliza mambo matatu: bei, kiko rafuni leo, na kama hakiko, kinakuja baada ya siku ngapi. Mwambie akitoe ukione. "Ipo" ya mdomo isikutoshe.

Ukimaliza utakuwa na jedwali linalokwambia zaidi ya kipeperushi chochote. Mashine ya bei nafuu ambayo CDI yake inaagizwa ng'ambo imepanda bei mbele ya macho yako, kwa sababu CDI haitengenezeki, ikifa imekufa. Mashine ghali kidogo ambayo kila kitu kiko Mombasa na kinafika Mokowe kwa basi, ndiyo rahisi.

Spea za bandia zinataka jicho. Plagi ya bandia ina maandishi yaliyofifia au yasiyonyooka, na uzi wake umechongwa kwa ukali. Impela ya bandia ni ngumu. Ikunje kwa kidole, mabawa yake yanyumbulike na kurudi. Muuzaji anayekataa kukuandikia risiti yenye namba ya spea, achana naye.

Uliza pia garantii, na useme wazi kwamba boti ni ya biashara. Garantii ya kazi ya biashara kwa kawaida ni fupi kuliko ya matembezi, na wengine huligundua hilo siku ya kudai.

Hatua ya saba: ijaribu majini ikiwa na mzigo

Mwenye duka mzuri, au rafiki mwenye mashine ya aina hiyohiyo, atakubali. Jaribu jioni, upepo ukiwa umeshika, na boti iwe na watu au mawe ya uzito unaobeba kweli. Boti tupu asubuhi huifanya kila mashine ionekane imara.

Iwashe ikiwa baridi. Tustroki nzima huwaka kwa mivuto michache. Tazama maji yanayotoka ubavuni: mashine ikojoe kwa nguvu, mkondo usiokatika, na ukigusa maji yawe ya vuguvugu. Iache inguruma kwa moto mdogo kiasi cha dakika kumi. Ikizimika au ikianza kukohoa, kabureta au sindano ina neno. Halafu ongeza moto mpaka mwisho na usome mizunguko kwa kipima mizunguko. Kila mashine ina kiwango chake kilichoandikwa kitabuni. Enduro 40, kwa mfano, ni 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Ikiwa chini ya kiwango na mzigo wako, propela ni kubwa mno na injini inateseka; ikizidi, propela ni ndogo na injini inajichosha bure. Watu wengi hawajui kwamba propela hubadilishwa kufuata mzigo, wanaishi na ile iliyokuja kwenye sanduku.

Mafuta pima hivi. Jaza mtungi mpaka alama, nenda njia unayoijua na urudi njia hiyohiyo, kisha jaza tena kwa chombo chenye mistari ya lita. Lazima kwenda na kurudi, kwa sababu mkondo wa Mkanda unaweza kukupa au kukunyang'anya robo ya safari. Linganisha mashine mbili kwa njia moja, mzigo mmoja, na hali ya maji inayofanana.

Ukichukua ya mtumba

Rangi mpya kwenye mguu ni ishara mbaya. Kuna mtu anaficha alumini iliyolika. Kwangua kidogo chini ya bamba. Toa oili ya giaboksi uione kwa macho. Kila silinda ipimwe mbano kwa geji, na tofauti baina yao isizidi kama asilimia 10. Kubwa kuliko hapo, pistoni au pete zimechoka. Namba ya mashine iwe kwenye klampu, isiyokwanguliwa, na iandikwe kwenye hati ya mauzo yenye majina na vitambulisho vyenu wote wawili. Mashine huibiwa, na anayekutwa nayo bila karatasi ndiye anayelala kituoni.

Ukishaifunga tezini

Saa 10 za mwanzo usiibamize. Kwa tustroki nyingi, oili ya kipindi hicho ni maradufu: moja kwa 25 badala ya moja kwa 50. Moja kwa 50 ni mililita 200 za oili kwa lita 10 za petroli. Fuata kitabu cha mashine yako. Oili iwe yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki imeundwa kwa injini inayopozwa na upepo, na kuitumia botini ni kujaza uchafu kwenye pistoni.

Kila jioni mashine ioshwe ndani kwa maji matamu. Kama huna bomba, kata pipa, lijaze mpaka midomo ya kunyonyea izame, washa moto mdogo bila gia kama dakika kumi. Onja maji kwanza. Yanayotoka visima vya chini ya milima ya mchanga ya Shela ni mazuri, lakini visima vingi vya mjini vina chumvi, na kuosha kwa maji ya chumvi ni kupoteza petroli. Halafu chomoa mpira wa mafuta uache kabureta ijimalizie.

Propela vua kila wiki ukiwa karibu na wavuvi wa mishipi. Oili ya giaboksi ibadilishwe mara ya kwanza mapema, kwa saa zilizoandikwa kitabuni. Unga mwembamba wa chuma kwenye sumaku ya bolti mara hiyo ya kwanza ni kawaida. Vikitoka vipande vinavyokwaruza kidole, au oili ikiwa imebadilika kuwa nyeupe, irudishe mashine dukani garantii ikiwa hai, na usiiwashe tena mpaka waifungue mbele yako.